Fomu ya Safu Tatu na Tope la Siyu

Yeyote atakayeirithi meza yangu ataona kwamba droo ya chini haifungiki. Asihangaike kumwita seremala. Haifungiki kwa sababu mna jozi ya gambuti, na gambuti hizo nimeziacha makusudi. Siku ya kuagana mliniomba niwaandikie mambo mawili matatu kuhusu kazi ya mipango katika visiwa hivi vyetu, na nadhani mlitaraji niwaeleze nilivyopanda vyeo. Vyeo vimo kwenye faili, na faili limo katika kabati la tatu, kama mchwa hawajalimaliza. Mimi nitawaandikia kuhusu tope.

Niliingia kazini nikiwa msichana wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, aliyejua kupiga taipu na kusoma ramani, na aliyemudu ramani vizuri kuliko taipu. Siku ya kwanza sikupewa ramani. Nilipewa mashine ya kudurufu, ile ya kuzungusha kwa mkono, nikazungusha mpaka adhuhuri, nikarudi nyumbani na wino hadi kwenye viwiko. Mama aliniangalia mikono akauliza ni harusi ya nani, maana alidhani nimepakwa piko na yeye hakualikwa. Nikamwambia ni Mpango wa Maendeleo wa Taifa. Akasema kanawe.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye kupenda kazi, ambaye alisoma ramani ya wilaya kana kwamba ile rangi ya buluu ni nafasi aliyoisahau mchoraji. Alipanga ziara kwa saa ya ukutani. Saa tatu kisiwa hiki, saa tano kisiwa kile, saa saba turudi ofisini tuandike ripoti. Aliyemwokoa, na aliyenifunza mimi kazi, alikuwa nahodha wa boti ya ofisi, Bwana Athmani. Hakuwa na cheti chochote ukutani. Alikuwa na kijitabu chenye jalada la plastiki, na ndani yake ameandika kwa penseli siku za mwezi wa Kiislamu na saa za maji. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, yaani siku ya kwanza na ya kumi na tano, ni bamvua, maji hutoka mbali sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mwezi kumi au kumi na moja maji hujaa adhuhuri. Alinilazimisha kukariri nilivyokariri juzuu chuoni, na nikikosea haniambii neno, hunitazama tu mpaka nijisahihishe.

Kanuni yake kubwa ilikuwa moja. Mgeni wa serikali asipelekwe Siyu ila maji yakiwa yamejaa. Siyu, kwa msiofika, ni mji wa kale katika kisiwa cha Pate, na mkondo wake hupita katikati ya mikoko. Maji yakijaa boti inakufikisha karibu na nyumba, unashuka kiatu kikavu. Yakitoka, mkondo unabaki mfereji, na kati yako na mji ni tope la kukuingia magotini. Bwana Athmani alisema kumpitisha mgeni kwenye tope hilo ni kumvunjia heshima mgeni, mwenyeji na nahodha, wote kwa safari moja. Nikaiandika kanuni hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Kumbukeni hilo, kwa maana ndilo lililotuponza.

Miaka ikapita, mashine ya kudurufu ikaenda, kompyuta zikaja, serikali ya kaunti ikaja, na bandari mpya ikaja na wageni wake. Kisha ikatufikia fomu ya safu tatu. Serikali ilikuwa imetangaza vipaumbele vya taifa, Usalama, Mazingira na Uchumi, na kila ombi la kijiji lilitakiwa kuandikwa chini ya safu moja tu kati ya hizo. Mwenye kuibuni fomu hiyo naamini alikuwa mtu mzuri mwenye meza safi. Tuliipeleka kwanza Kiunga, kijiji cha wavuvi kule mpakani. Wavuvi waliisoma vizuri sana, kisha mmoja wao akauliza kwa adabu, siku ambayo bahari imefungwa kwa ajili ya usalama, na samaki wanapumzika kwa ajili ya mazingira, na yeye amekaa nyumbani bila uchumi, siku hiyo iandikwe safu gani. Ofisa aliyefuatana nasi alisema swali zuri. Mtu akikwambia swali zuri, jua hutajibiwa.

Ombi la Siyu lilikuwa la Bi Rukia. Bi Rukia ni mkunga, mwembamba, mkali wa macho, na mumewe, Bwana Omari, ni fundi wa makubadhi, vile viatu vya ngozi ambavyo Siyu inajulikana navyo tangu enzi. Alichotaka Bi Rukia ni daraja la miguu, la mbao, juu ya nguzo, kutoka mjini hadi pale ambapo mkondo haukauki. Mzazi akishindwa, alinieleza, lazima afikishwe hospitali kubwa ya Lamu, na uchungu hauangalii kijitabu cha Athmani. Maji yakiwa yametoka wanaume wanne humbeba kwenye kiti hadi kwenye boti, tope magotini, huku yeye akifuata nyuma ameshika mtungi na nguo. Njia ya nchi kavu hadi gati la mbali ipo, na pikipiki zipo, lakini mpandishe wewe mwenye uchungu kwenye pikipiki. Mtoto mmoja alizaliwa juu ya kiti, katikati ya tope, akaishi. Mwingine hakuishi. Alinieleza la pili kwa sauti ileile ya la kwanza, kisha akaniongeza chai.

Nililiandika ombi chini ya Uchumi, maana nazi na samaki wangepita hapo. Likarudi, mizigo haitoshi. Mwaka uliofuata nikaliandika chini ya Usalama. Likarudi. Nikaliandika chini ya Mazingira, likarudi mbio kuliko yote, eti ujenzi utadhuru mikoko. Na kila mara kabla ya kurudi walikuja watu kukagua. Nami kila mara niliwapangia ziara kwa kijitabu, mwezi kumi au kumi na moja, wafike adhuhuri maji yamejaa tele, na Bi Rukia mwenyewe ndiye aliyewapikia. Wali wa nazi, mchuzi wa papa, mkate wa mofa, na birika la maji ya kunawa. Walipouliza shida ni nini, wazee walijibu kama mtu anavyomjibu mgeni aliyeshika tonge: shida hazikosi, karibuni, kuleni. Wageni walikula, wakasifu, wakaondoka.

Nilikuwa nimebakiza miaka michache tu kazini nilipolitoa faili zima la Siyu ili nilihamishe kwenye kabati lisilovuja. Nikakaa chini nikasoma majibu yote kwa mpangilio, jambo ambalo nawausia mlifanye mapema kuliko nilivyofanya mimi. Kila ripoti ya ukaguzi ilikuwa na sentensi moja isiyobadilika: kamati ilifika kwa boti hadi karibu na nyumba bila taabu yoyote. Nikachukua kijitabu, nikalinganisha tarehe. Kila kamati ilifika maji yakiwa yamejaa. Hakuna mkaguzi hata mmoja aliyepata kuliona tope la Siyu, na aliyelificha ni mimi, kwa ustaarabu wangu. Nikacheka peke yangu ofisini, kisha nikaona haya, na haya ile ilikaa nami siku nyingi.

Barua ilikuja kwamba ofisa mwingine, Bwana Mutiso kutoka Nairobi, atafanya ukaguzi wa mwisho, na asiporidhika faili la Siyu litafungwa. Nikamwendea Bwana Athmani gatini, alipokuwa akipangusa injini. Alikuwa amestaafu, lakini ofisi ilimwita kila boti mpya ilipowashinda manahodha wapya. Nikamwambia namtaka ampeleke mgeni mwezi kumi na tano, saa nne na nusu asubuhi.

Alinitazama vile alivyonitazama nilipokuwa msichana. Akangoja nijisahihishe. Sikujisahihisha.

"Bi Zuhura," akasema, "umri wangu wote sijapata kumtia myeni topeni. Watu watasema Athmani mezeeka, hayui mai."

Nikamwonyesha faili. Hakuwa msomaji wa haraka. Aliipitishia kidole ile sentensi kwenye kila ripoti, moja baada ya nyingine, akafika ya mwisho akalifunga faili. Akarudi kupangusa chuma ambacho tayari kilikuwa safi. Nilimwambia kanuni ni yake, na mimi siivunji bila idhini yake.

"Kumbe ni sisi," akasema. "Haya. Lakini Rukia usimwambie. Akiyua atakataa."

Alisema kweli. Bi Rukia angekubali faili lifungwe kabla ya kukubali mgeni wake aaibike mlangoni pake. Kwa hiyo nilimdanganya. Nilimpigia simu nikamwambia mgeni atafika alasiri na maji ya jioni. Sijivuni kwa hilo. Nimedanganya mara chache kazini, mara nyingi kuhusu afya ya mashine ya kudurufu, na hii ndiyo pekee niliyotubia huku nikijua ningeirudia.

Bwana Mutiso kumbe alikuwa mtu mchangamfu, mwenye tabasamu na viatu vyeusi vya ngozi vinavyong'aa hadi unaweza kujitazama. Nilimpa gambuti kutoka kwenye droo. Akanishukuru, akasema hazihitaji, ameisoma ripoti, boti hufika hadi karibu na nyumba. Nikazirudisha drooni. Bwana Athmani alipofika mdomo wa mkondo alipunguza mwendo, akaingia taratibu, akaenda mpaka boti ikagusa chini. Akazima injini. Mbele yetu mji ulionekana vizuri kabisa, mweupe, na kati yetu na mji palikuwa na tope jeusi, kaa wakipita juu yake kwa shughuli zao.

Bwana Mutiso akauliza tunangoja nini. Nikamwambia tunashuka. Akadhani namtania, nami nikavua viatu, nikapandisha buibui, nikashuka. Akanifuata na viatu vyake. Hatua ya kwanza ilimfika kifundoni, ya nne ikamfika magotini, na ya kumi alipouvuta mguu wa kulia ulitoka na soksi peke yake. Akaingiza mkono akitafuta kiatu, bega likazama, kiatu hakikupatikana. Mpaka leo kiko huko. Nasikia bado kinazungumzwa.

Ndipo wanawake waliokuwa ufuoni wakapiga kelele, na Bi Rukia akatoka. Alisimama akatuona, mimi, ofisa wa serikali na mguu mmoja wa soksi, na uso wake sitausahau. Hakuja mbio. Aliita majina manne, na wanaume wanne wakashuka topeni na kiti. Ni kiti cha kawaida cha mbao, kimefungwa miti miwili ya mikoko ubavuni, na mkanda wa nguo wa kumzuia anayekalia asianguke. Wakamketisha Bwana Mutiso, wakamfunga mkanda, wakamwinua. Bi Rukia akatembea kando yake, tope magotini, na aliponipita mimi akaniambia kwa sauti ya chini:

"Zuhura, ulinambia alasiri. Waniletea myeni na mai yametoka, hata ya kumwosha maguu sijateka."

Nikasema nisamehe. Akasogea mbele, karibu na kiti. Bwana Mutiso, huko juu, ameshikilia pande mbili, alikuwa akitikisika kila wabebaji walipovuta miguu yao. Mmoja akayumba, kiti kikainama, naye akaukamata mkanda kwa mikono miwili. Nadhani ndipo alipoutazama vizuri, ule mkanda na madoa yake, na ubao uliolainika kwa kukaliwa. Akauliza kiti hiki kazi yake hasa ni nini.

"Ndicho twachukulia wenye mimba wakishindwa," Bi Rukia akamwambia. "Wewe ni mwepesi, bwana, na hupigi kelele."

Bwana Mutiso hakuuachia ule mkanda mpaka ufuoni. Wabebaji walipumzika mara tatu njiani, na kila walipopumzika walisimama na mzigo mabegani kwa sababu hapakuwa na mahali pakavu pa kuuweka. Mimi nilikuwa nyuma nikilia, wala sikujua nalia kwa sababu gani, maana jambo lenyewe lilikuwa linachekesha. Bwana Athmani, kule kwenye boti, alikuwa amenipa mgongo akikagua injini.

Bi Rukia alimwosha mgeni miguu mwenyewe, kwa kata ya kifuu, kwenye kizingiti cha nyumba yake, akimwomba radhi kila kata. Chakula hakikuwapo, tulikula mkate wa jana na chai, na Bwana Mutiso alikula kuliko wakaguzi wote waliotangulia. Bwana Omari alimpima mguu kwa kamba, akaingia karakanani kwake, na kabla maji hayajarudi ofisa wetu alikuwa amevaa makubadhi mapya yenye harufu ya ngozi. Aliyavaa mpaka Nairobi.

Wakati wa kurudi, maji yakiwa yamejaa na boti ikiwa imekuja hadi karibu na nyumba bila taabu yoyote, aliniomba fomu. Akaiweka gotini akaniuliza ombi hili ni la safu gani. Nikamwambia nimeshalijaribu katika zote tatu, na mimi safu zimeniishia. Akafikiri. Kisha akauliza kama nina fomu nyingine mbili. Nguzo na mbao akaziandika chini ya Uchumi. Miche ya mikoko ya kupandwa pande zote mbili za daraja, chini ya Mazingira. Taa ya sola mwishoni mwa daraja, ili boti ya doria na ya wagonjwa zione pa kutia nanga, chini ya Usalama. Maombi matatu tofauti, kila moja kwenye safu yake kama kompyuta inavyotaka, na yote yakipita yatajikuta mahali pamoja. Nimekaa na fomu ile miaka na miaka na sikulifikiria hilo. Liandikeni mahali.

Yalipita. Taa ilifika kwanza, ikakaa miezi mingi ikimulika tope. Miche ikapandwa na wanawake wa Siyu, Bi Rukia akisimamia kana kwamba kila mmoja amemzalisha yeye. Mwisho zikaja nguzo. Siku ya ufunguzi waheshimiwa walipangiwa ratiba na ofisi nyingine isiyotushauri, na kwa bahati yao wakafika maji yakiwa yamejaa pomoni. Boti zao zilipita kando ya daraja zikafika hadi karibu na nyumba. Mheshimiwa mmoja alisimama akalitazama daraja refu limekaa juu ya maji ya kina kile, akaniuliza kwa upole kwa nini hasa lilihitajika. Bwana Athmani alikuwa kando yangu. Nilimsikia akikohoa kwa muda mrefu.

Bi Rukia hakunisemesha vizuri tangu siku ile ya tope. Alijibu salamu, alinipa chai, basi. Kisha asubuhi moja ya bamvua simu yangu ikalia ofisini, na ni yeye, na nyuma yake nasikia upepo na injini ya boti. Alisema yuko mwisho wa daraja. Alisema mja mzito mmoja, ambaye mtoto alikuwa amekaa vibaya, amepita hapo mai yakiwa yametoka kabisa, amepita kwa maguu yake, akisimama kila uchungu unapokuja na kushika ukingo, na sasa boti inaondoka naye. Kiti, alisema, wamekiacha nyumbani. Kisha akakata simu. Jioni nilipata habari kwamba mtoto ni wa kike na mama mzima.

Wiki iliyopita nilikwenda Siyu kuaga. Nilichagua mwezi kumi na tano, saa nne na nusu, nikashuka pale penye taa, nikatembea juu ya mbao na viatu miguuni, kaa wakiendelea na shughuli zao chini yangu. Miche sasa inanifika kifuani. Bi Rukia alikuwa kwenye kizingiti chake na ndoo ya maji na kata, amekunja mikono ya nguo. Nikamwonyesha miguu, nikamwambia mikavu, haina hata doa.

"Naona," akasema. "Vua viatu."

Nikavua. Akainama akanimwagia maji, mguu wa kulia kisha wa kushoto, polepole, hadi ndoo ikaisha.

Gambuti ni namba saba. Zinamfaa karibu kila mtu.